Pikapu ya zamani: osha kwanza, funga taa, ndipo ung'arishe

Taa ya nyuma kushoto ya pikapu yangu ilikuwa inawaka ikijisikia. Nikabadilisha globu, ikawaka siku mbili, ikazima. Nikabadilisha tena. Ya tatu nikatafuta ile ya bei kubwa, nikiamini mbili za mwanzo zilikuwa feki. Kumbe zote tatu zilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa kipande cha waya nyeusi kilichofungwa kwenye bodi kwa skrubu moja, na skrubu yenyewe imezikwa ndani ya kutu na tope lililokauka kama kichuguu.

Tangu siku hiyo sitenganishi kazi ya taa na kazi ya usafi. Kwenye gari kuukuu uchafu hushika maji, maji huleta kutu, na kutu hukata umeme. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: osha, shughulikia taa, pambana na kutu, na polishi iwe ya mwisho kabisa. Ukianza na polishi, utaikwaruza rangi uliyokwisha kuing'arisha unapofungua taa. Ukianza na taa, utakuwa unatia mikono kwenye tope.

Tenga siku mbili. Kazi yenyewe haihitaji muda wote huo, lakini kuna nati zitakazokataa kufunguka na rangi itakayodai muda wa kukauka.

Vifaa

Bisibisi ya nyota na ya bapa, spana na soketi za namba 8, 10 na 12, brashi ndogo ya waya, msasa wa aina kadhaa (80, 240, 800, 1500, 2000), mafuta ya kulegeza nati, grisi ya umeme, testa au multimita, spiriti, glavu, tepu ya karatasi na matambara mengi kuliko unavyodhani. Multimita si lazima iwe ya kifahari. Ya kawaida kabisa inatosha. Kama huna kabisa, chukua globu ya wati 5, iunganishe na waya mbili ndefu, tayari una taa ya kupimia.

Kuosha kwa ajili ya kuona

Uoshaji huu wa kwanza si wa kupendeza. Unaosha ili uone gari lilivyo.

Siku moja kabla, puliza mafuta ya kulegeza kwenye kila nati na skrubu inayoshika taa, mbele na nyuma. Yaache yapenye usiku mzima. Asubuhi anza chini: ndani ya madigadi, nyuma ya bampa, chini ya bodi ya mzigo. Tope lililoganda pembeni mwa madigadi lichokonoe kwa kijiti kabla ya kupiga maji, maana maji peke yake hulainisha uso tu. Ukimaliza chini, panda juu ya paa na ushuke ukiosha kwa shampuu ya gari. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye gari usirudi kwenye gari.

Kama bodi ya mzigo imelazwa plastiki au zulia la mpira, toa. Najua ni kazi, lakini toa. Chini yake ndiko maji hukaa miezi, na ndiko utakakokuta kutu ambayo hukuijua. Kisha tafuta matundu madogo ya kutolea maji: yapo chini ya milango, chini ya mlango wa nyuma wa bodi, na kwenye pembe za bodi yenyewe. Yazibue kwa waya laini. Mlango ukiutikisa na kusikia maji yanacheza ndani, matundu yake yameziba, na chuma kinaliwa kutokea ndani kuja nje.

Kwenye injini usipige maji ya presha. Funika altaneta, distribyuta na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya plastiki, kisha tumia brashi na sabuni, usuuze kwa maji ya taratibu injini ikiwa imepoa.

Acha gari likauke. Hapo sasa tuje kwenye taa.

Kagua kabla hujafungua

Mweke mtu nyuma ya gari, wewe kaa kwenye usukani. Washa taa ndogo, dimu, fulu, indiketa za pande zote, breki, rivasi, na usisahau taa ya namba, ambayo kwenye pikapu hukaa pale pale tope linaporuka. Andika kila moja: inawaka, haiwaki, hafifu.

Sasa jaribu kitu kimoja zaidi: washa taa ndogo, kanyaga breki, na uwashe indiketa, vyote kwa pamoja. Kama indiketa inapiga na taa ya breki nayo inapepesa kwa kufuatisha, au ukikanyaga breki taa ndogo inazidi kufifia, usiguse globu. Huo ni ugonjwa wa ethi, yaani pale waya ya taa inapofungwa kwenye bodi ili umeme urudi betri. Umeme unatafuta njia ya kurudi kwenye betri, unakuta njia yake imezibwa na kutu, basi unapenya kwenye globu ya jirani. Taa za namna hii zinaweza kukusumbua mwaka mzima ukibadilisha globu tu.

Upande mzima wa taa ukiwa umezima kwa wakati mmoja, angalia fyuzi kwanza. Breki zote mbili zikikataa na fyuzi ni nzima, swichi iliyo juu ya pedali ya breki ndiyo mshukiwa. Rivasi ikikataa, swichi yake iko kwenye gia boksi. Indiketa ya upande mmoja ikipiga harakaharaka kuliko kawaida, kuna globu ya upande huo imeungua au haishiki vizuri.

Taa za nyuma

Ondoa waya ya betri ya upande wa hasi kwanza. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado ipo, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Taa ya nyuma ya pikapu nyingi hushikwa na skrubu au nati mbili hadi nne. Zungusha taratibu. Ikigoma, usilazimishe: kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza mafuta, subiri. Masikio ya plastiki yanayoshika taa yamepigwa jua kwa miaka na huvunjika kama biskuti. Taa ikitoka, ichomoe kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika waya, maana plagi nyingine ni fupi na ukivuta kwa nguvu unaondoka na waya bila plagi.

Sasa angalia ndani ya soketi. Ukiona unga wa kijani au mweupe, hiyo ni metali inayooza. Ikwangue kwa msasa mwembamba uliokunjwa kwenye ncha ya bisibisi mpaka uone chuma kinachong'aa. Kile kichomozi cha chini kinachosukuma globu kinapaswa kurudi juu chenyewe kama springi. Kikiwa kimelala, globu haishiki hata iwe mpya. Kama soketi imeliwa mpaka imetoboka, badilisha soketi tu. Zinauzwa peke yake zikiwa na waya, na unaziunga na waya za zamani.

Globu zenyewe soma maandishi ya kwenye kitako. Taa ya breki inayobeba na taa ndogo ni P21/5W: ina nyuzi mbili, ya wati 21 kwa breki na ya wati 5 kwa taa ndogo, na vipini vyake viwili vya pembeni haviko kimo kimoja. Indiketa na rivasi kwa kawaida ni P21W, uzi mmoja, vipini viko kimo kimoja. Ukikuta indiketa yenye kioo cha nje cheupe, globu yake ni ya rangi ya chungwa, PY21W, na vipini vyake vimewekwa kona tofauti ili usikosee. Taa ya namba na taa ndogo za mbele mara nyingi ni W5W, ile isiyo na kitako cha chuma. Nimewahi kukuta P21W imegongwa kwa nguvu ndani ya soketi ya P21/5W. Matokeo yake, taa ndogo zikiwashwa, breki nazo zinawaka moja kwa moja. Globu ikikataa kuingia kwa kubonyeza na kuzungusha robo, si yake.

Ethi ifanyie hivi: fuatilia waya nyeusi (kwenye magari mengine ni kahawia) inayotoka kwenye taa mpaka inapofungwa kwenye bodi. Fungua skrubu, kwangua rangi na kutu mpaka chuma kiwe cheupe kwa upana wa sarafu, kwangua pia kile kijipete cha waya, paka grisi ya umeme, funga kwa skrubu mpya. Dakika kumi. Kumbuka kwamba bodi ya mzigo ya pikapu imekaa juu ya chesisi kwa bolti na mipira, kwa hiyo ethi ya bodi inategemea bolti zenye kutu. Mimi nilivuta waya moja ya ziada kutoka bodi mpaka kwenye chesisi, na taa zote za nyuma zikapata nguvu mpya.

Kabla ya kurudisha, angalia mpira au gasketi inayozuia maji nyuma ya taa. Ukiwa umekauka na kupasuka, maji yatarudi ndani na wewe utarudi kwenye kazi hii. Kioo cha taa kikiwa na ufa, kununua taa nzima ni nafuu kuliko kuziba. Zile tepu nyekundu ni za kukufikisha nyumbani tu.

Taa kubwa za mbele

Kwanza jua una taa ya aina gani. Pikapu za zamani kabisa zina taa ya kioo iliyofungwa yote pamoja: uzi ukiungua, unatupa taa nzima. Ile ya duara ina kipenyo cha inchi 7, yaani milimita 178, na habari njema ni kwamba zipo taa za kipimo hichohicho zinazopokea globu ya H4, ile yenye nyuzi mbili za dimu na fulu. Ukibadilisha mara moja, baadaye utakuwa unabadilisha globu peke yake.

Ukinunua taa iliyotumika, kagua imetoka kwenye nchi ya kuendesha upande gani. Mwanga wa dimu haulali sawa: una pembe inayoinuka kuelekea ukingo wa barabara. Taa ya gari la kuendesha kulia ukiifunga kwenye barabara za kuendesha kushoto, pembe hiyo inakwenda moja kwa moja machoni mwa anayekuja mbele yako. Utapigwa fulu kila usiku na hutajua kosa lako.

Kubadilisha H4 ni rahisi. Chomoa plagi yenye midomo mitatu, vua mpira, bana klipu ya waya, toa globu. Mpya ishike kwenye kitako tu. Kioo chake hupata joto kali, na alama ya mafuta ya kidole huunguza sehemu moja kuliko nyingine mpaka globu inakufa mapema. Ukiigusa, ifute kwa spiriti. Ina masikio matatu na hukaa kwa namna moja tu, moja likiwa juu.

Halafu kuna suala la taa hafifu, na hapa ndipo pikapu ya zamani hudhulumiwa. Nyingi zilitengenezwa umeme wote wa taa kubwa upite kwenye swichi ya usukani: dimu mbili za wati 55 ni kama ampea 9, zikipita kwenye waya nyembamba na swichi iliyochakaa. Umeme unapotea njiani. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Pima mwenyewe: injini inawaka, taa zimewashwa, weka multimita kwenye volti za DC. Gusa chanya ya betri na waya ya chanya nyuma ya globu. Ikisoma zaidi ya nusu volti, hiyo nusu inaishia kupasha moto waya zako. Kisha gusa hasi ya betri na ethi ya taa. Hapo usikubali zaidi ya 0.2.

Dawa ni rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), moja ya dimu na nyingine ya fulu. Mdomo wa rilei wenye namba 30 unapokea waya nene, milimita 2.5 za mraba, kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15 au 20 iliyowekwa karibu na betri. Namba 87 inakwenda kwenye taa. Namba 85 na 86 zinaamshwa na plagi ya zamani ya taa. Angalizo: pikapu kadhaa za Kijapani za zamani hukatiza hasi badala ya chanya. Yaani chanya iko kwenye globu muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ya dimu na fulu inachagua ethi. Ukijaribu kuamsha rilei kwa waya moja ya plagi na ethi ya bodi, utashangaa kwa nini haifanyi chochote. Pima kila mdomo wa plagi kabla ya kukata waya yoyote, na uunge 85 na 86 kwenye midomo miwili ya plagi ileile.

Globu za LED? Kwa taa ndogo, taa ya namba na breki, sawa, mradi taa ya nyuma nyekundu uiwekee LED nyekundu. Kwa indiketa, flasha ya zamani (kile kifaa kinachozifanya zipepese) hupima mzigo wa globu za wati 21. Ikikuta LED inadhani globu imeungua na kupiga harakaharaka. Badilisha flasha iwe ya elektroniki, acha zile rezista za kuongeza mzigo, maana hupata moto wa kuyeyusha plastiki. Kwa taa kubwa, sishauri. Rifleta, yaani bakuli la ndani linaloakisi mwanga, ilichorwa kwa ajili ya uzi ulio sehemu maalumu, na LED nyingi haziketi hapo. Unapata weupe mwingi mbele ya bampa, giza mbali, na kero kwa wenzako. H4 ya kawaida ikipewa volti zake kamili inashangaza.

Kama kioo cha taa ni cha plastiki na kimekuwa cha njano, ni jua limekula ngozi yake ya juu. Zungushia tepu ya karatasi kwenye rangi, piga msasa wa maji 800, kisha 1500, kisha 2000, kila mara ukibadilisha mwelekeo, halafu polishi. Itang'aa. Lakini usipoifunika kwa vanishi inayozuia jua, ndani ya miezi michache itarudi njano kuliko mwanzo, kwa sababu umeshaondoa kinga iliyokuwepo. Kioo halisi hakihitaji msasa.

Mwisho lenga taa. Simamisha gari kwenye ardhi tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, mzigo uwe wa kawaida yako. Sogea karibu kabisa na ukuta, weka alama ya tepu kwenye kitovu cha kila taa. Rudi nyuma mita 10, washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama kwa sentimita 10 hivi. Pikapu ikipakiwa nyuma hukaa na pua hunyanyuka, kwa hiyo kama kila siku unabeba mzigo, lenga ukiwa nao.

Kutu

Hapa sitakaa sana. Bonyeza kila doa kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, chuma kimeisha. Hiyo ni ya mchomeleaji, usiipake rangi kujifariji. Kama chini ni kigumu, piga brashi ya waya na msasa wa 80 mpaka chuma king'ae, vuka sentimita mbili kwenye rangi nzima, paka dawa ya kugeuza kutu, iache ikauke kadiri kopo linavyosema, kisha praima, kisha rangi. Kwenye bodi ya mzigo tanguliza pembe na mistari ya kuungia. Katikati panaweza kusubiri.

Kung'arisha

Sasa ndiyo zamu ya urembo. Chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua sehemu isiyoonekana. Kitambaa kikibadilika kuwa rangi ya gari, una rangi ya zamani isiyo na vanishi juu, na una bahati: ule ufifu kama umepakwa chaki ni ngozi ya juu iliyokufa, na chini yake kuna rangi hai. Fanya kazi kipande kwa kipande, kivulini, upana wa kitambaa kilichokunjuliwa, kwa kompaundi (polishi kali inayokwangua) kwanza, halafu polishi laini, halafu nta. Usibonyeze kwenye mikunjo ya bodi, huko rangi ni nyembamba.

Kitambaa kikibaki cheupe, gari lina vanishi. Kama vanishi inabanduka kwa magamba, hasa juu ya boneti na paa, hakuna polishi itakayoirudisha. Ama unapiga rangi upya, ama unaikubali hivyo. Mimi paa langu nimelikubali.

Bampa ya kromu yenye vidoa vya kutu isugue kwa kipande cha foili ya jikoni kilicholowekwa maji. Foili ni laini kuliko kromu, haichubui. Plastiki nyeusi zilizopauka zipake dawa ya plastiki, na nta usiiache izifikie, kwa sababu ikizigusa huacha ukoko mweupe unaokera. Gundi za stika za zamani zipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, zitabanduka kwa urahisi.

Rudisha waya ya hasi kama hujairudisha, mwite yule mtu tena asimame nyuma, na urudie ule mtihani wa taa ndogo, breki na indiketa kwa pamoja. Kisha mwagia kila taa maji ya bomba kwa dakika mbili na uangalie ndani ya vioo. Ukiona ukungu, fungua gasketi hiyo leo, kabla glavu hazijakauka.